Kamera Aliyoivaa Mzee Nezu

"Babu Nezu, hiyo kamera yako inapiga picha kweli, au umeivaa tu?"

Wakaba aliuliza hivyo akiwa darasa la pili, amesimama mlangoni pa duka la mama yake la tofu, ile jibini laini ya soya, miguu imelowa. Hakuwa na nia mbaya. Siku zile aliuliza kila kitu: tramu ikimaliza kazi inalala wapi, tofu ina upande wa juu na wa chini au pande zote ni sawa. Mzee Nezu aliifunika kwa kiganja kamera iliyomning'inia kifuani, akacheka kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole na mtoto.

"Swali zito hilo," akasema. "Ngoja nikalifikirie."

Akachukua tofu yake, akaondoka kwenda kulifikiria. Lilikuwa limemchoma, maana asubuhi ileile mkewe, Setsuyo, alikuwa amemuuliza jambo hilohilo bila huruma ya kitoto.

"Wewe mzee, umenunua kamera au umenunua mkufu?"

"Kamera."

"Mbona kila ukipita kwenye kioo unasimama?"

Tadaomi Nezu alikuwa karani wa ghala la miavuli mpaka alipostaafu. Miaka yote ya kazi alitoka nyumbani hadi kituo cha tramu pale Ogu akitazama chini, si kwa huzuni, ni mazoea tu, kama wengine wanavyotembea na mikono mgongoni. Majirani aliwajua kwa viatu. Kinyozi Isogai alikuwa ndara za kahawia. Mama Matsue, mwenye bafu la mtaa ambako majirani waliogea kwa kulipia, alikuwa viatu vya mbao vinavyogonga ko-ko-ko. Wangebadilisha viatu, angewapita kama wageni.

Kisha akastaafu, na alasiri moja akaenda mjini kununua balbu. Dukani, nyuma ya kioo, aliiona. Juu rangi ya fedha, kiunoni ngozi nyeusi yenye vipele, na begani mwake magurudumu madogo yenye namba zilizochongwa, nyeupe na moja nyekundu. Ilikuwa na sura ya kamera za enzi za baba yake, zile ambazo baba za wenzake walikuwa nazo na baba yake alizitazama tu. Mzee mzima akasimama pale kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa na sauti anayoijua.

Kijana wa dukani alimweleza mengi. Nezu alisikiliza kwa vidole: aliligeuza gurudumu moja, nalo likajibu tiki, tiki, tiki, kila hatua ikikaa mahali pake.

"Nje ya zamani, ndani ya kisasa," kijana alisema. "Dijitali kamili."

"Maana yake haihitaji filamu?"

"Haihitaji kabisa, bwana."

Baada ya hapo hakusikia tena. Nyuma palikuwa na kioo kidogo kinachofunguka kama mlango wa kabati, na kile kioo ndicho kitu pekee kilichomkera. Kilikuwa kama runinga kwenye chumba cha chai. Kijana alipomwonyesha kwamba kinaweza kugeuzwa kitazame ndani, mgongo ukabaki ngozi tupu, Nezu alikigeuza palepale, na hakukifungua tena.

Tangu siku hiyo alitembea kichwa juu. Mtu aliyevaa kamera hawezi kutazama chini, ataonekana mjinga. Asubuhi mvuke wa duka la tofu ulitoka nje ukavuka barabara taratibu, ukamfunika paka, ukamwacha. Waya za umeme zilikatiza anga vipande vipande, na kila kipande kilikuwa na bluu yake. Akiweka jicho kwenye kidirisha cha kamera, mtaa wote uliingia ndani ya mstatili mdogo na kutulia, kama maji yaliyomiminwa bakulini. Pembeni palikuwa na alama ndogo nyekundu inayopepesa. Aliipenda. Alidhani ndiyo namna kamera inavyopumua.

Na watu walibadilika. Wakiiona ile sura ya kamera, waliacha walichokuwa wanafanya na kujikusanya. Aliyeinama alinyooka. Mama yake Wakaba alivua kofia ya plastiki na kupitisha mkono nyweleni. Nezu aliona aibu kuwakatalia, akabonyeza: klap. Wakainama kushukuru, naye akainama, yakaisha.

Ni Isogai tu aliyebisha.

"Simu yangu inapiga vizuri kuliko hilo pambo lako," alisema, wembe mkononi. "Sura ya kamera inasaidia nini? Picha haijui ilipigwa na nani."

"Sasa mbona umefunga vifungo vya koti?"

"Nasikia baridi."

"Mwezi wa saba huu."

Picha zenyewe hakuna aliyewahi kuziona, na hakuna aliyeuliza. Mtaani kwao kudai picha uliyopigwa ni kama kumuuliza mwenyeji wako chakula kitaiva lini. Mtu anangoja. Nezu naye aliamini zimo ndani, zimelala kwa mpangilio kama zilivyokuwa zikilala kwenye filamu, na siku moja angezipeleka zikasafishwe zote kwa pamoja. Hakuwa na haraka. Picha ambayo hujaiona haina kasoro hata moja.

Mwaka uliofuata bafu la mtaa likafungwa. Bomba lake la moshi lilikuwa refu kuliko kila kitu pale Ogu, na lilikuwa limepata ufa. Kulitengeneza kungekula kila kitu. Siku ya mwisho Mama Matsue alimwita Nezu.

"Mzee Nezu, naomba unipigie picha kila kitu. Lakini hasa mume wangu. Ukimpata huyo, mengine hata yakiharibika sijali."

Mumewe, Kumekichi, ndiye aliyechochea moto chini ya maji tangu ujana wake. Alizikimbia kamera kama paka anavyokimbia beseni. Hata kwenye picha ya harusi yao alikuwa amegeuka anatazama mlango.

Nezu alipiga mlima uliochorwa ukutani juu ya maji, na vibao vya ufunguo wa masanduku ya viatu, na wazee wekundu kama kaa wakitoka kuoga. Kisha akazunguka nyuma peke yake, kwenye chumba cha tanuri. Mama Matsue alibaki mbele kwenye kiti chake cha juu, akipokea wateja. Nezu alikaa huko nyuma muda mrefu. Alipotoka, masizi puani, alimwashiria kwa kichwa: nimempata. Mama Matsue akauficha uso wake kwa leso, kisha akampigia kelele mtu aliyeacha ndoo katikati ya njia.

Wakati wa mvua, bomba likiwa limeshashushwa na uwanja umebaki matope, Kumekichi alilala mchana na hakuamka.

Mama Matsue alikuja nyumbani kwa Nezu mwenyewe, kwa viatu vya mbao, ko-ko-ko. Alikaa kwenye ukingo wa mlango, akakataa chai.

"Samahani kwa usumbufu. Nahitaji ile picha, ya kuweka katikati ya maua ya msiba. Mwanangu ametafuta kote. Kuna ya leseni ya udereva tu, na pale amekaa kama mtu aliyekamatwa na baiskeli ya wenyewe."

"Nitaileta leo hii," alisema Nezu.

Akavaa koti, akapanda tramu. Dukani hakumkuta yule kijana, alimkuta binti mwenye glavu nyeupe. Nezu akaiweka kamera kaunta.

"Naomba mnisafishie zote. Ila kuna moja ya mzee mbele ya moto, hiyo niipate kwanza, kubwa."

Binti akafungua kijilango chini ya kamera. Akachungulia. Akaigeuza, akachungulia tena, kana kwamba kitu kingeweza kuwa kimejibanza kwenye kona.

"Samahani sana, mteja wetu. Hamna kadi."

"Kadi gani?"

"Ya kuhifadhia picha. Labda imebaki nyumbani?"

"Nyumbani hakuna kadi. Niliambiwa haihitaji filamu."

"Filamu haihitaji," binti alisema kwa sauti iliyozidi kupungua. Akakifunua kile kioo cha nyuma ambacho Nezu alikuwa amekigeuza. Humo, kwa maandishi mekundu makubwa ambayo mtoto angeyasoma, palikuwa na onyo kwamba hakuna kadi. Lilikuwa limeandikwa hapo muda wote huo, likiitazama ngozi.

"Sasa picha zangu ziko wapi?"

Binti aliinama mpaka nywele zikagusa kaunta, akaomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyezimwaga. "Hazikukaa mahali popote, bwana."

Nezu alirudi kwa miguu. Njia nzima alitazama chini. Alinunua boksi la keki za maharage, lile ambalo mtu hubeba anapokwenda kuomba radhi, na alipofika kwa Mama Matsue aliwakuta majirani wamekaa sebuleni: Isogai, mama yake Wakaba, na Wakaba mwenyewe amebanwa magotini mwa mama yake asiulize kitu. Setsuyo alikuwa jikoni anasaidia kuosha vikombe. Katikati ya maua nafasi ya picha ilikuwa wazi.

Nezu akapiga magoti, akasukuma boksi mbele, akashusha paji la uso hadi mkekani.

"Hazimo," alisema. "Hata moja. Za kwenu wote. Nilikuwa nabonyeza tu."

Mvua ilisikika kwenye mabati ya jirani. Jikoni kikombe kilitua bila mlio.

Mama Matsue hakulia wala hakusema 'hakuna neno', ingawa ndivyo mtu husema. Alilitazama boksi. Alitazama ile nafasi iliyo wazi. Kisha akasema, kwa sauti kavu:

"Lakini ulimtazama."

"Nilimtazama."

"Mimi siku ile nilikuwa kwenye kiti, sikumwona. Basi nisimulie."

Nezu akainua kichwa. Akafumba macho, na cha ajabu, mkono wake wa kulia ukapanda usawa wa shavu na kidole kikakunjika, kana kwamba kamera ipo.

"Mlango wa tanuri ulikuwa wazi nusu," alianza. "Alikuwa na fulana, na taulo shingoni. Aliponiona akataka kutoroka kwa mlango wa kuni. Halafu akaiona hii kamera. Akasema, 'Aa, ni ile ya namna ya zamani.' Akasema, 'Subiri.' Akajifuta uso, pande zote mbili, na nyuma ya masikio. Akafungua kabati la makoleo, akatoa shati."

"Shati?" Mama Matsue akasogea. "Shati gani?"

"La bluu. Lina mistari myeupe, myembamba sana. Lilikuwa limekunjwa ndani ya karatasi. Akalivaa, akafunga vifungo mpaka cha shingoni. Cha shingoni kilimsumbua kwa sababu ya vidole vyake, nikangoja."

Mama Matsue alikuwa ameweka mkono mdomoni. Lile shati alimnunulia yeye, sikukuu ya mwaka mpya, zamani. Kumekichi alilivaa mara moja, akasema linambana, halikuonekana tena. Alidhani amelifanya tambara la kufutia mabomba.

"Amelificha kwenye makoleo," alisema, hakuna aliyejua kwa nani. "Mjinga huyu. Kwenye makoleo."

"Moto ulikuwa nyuma yake upande wa kushoto," Nezu aliendelea, macho bado yamefumbwa. "Vifungo viliwaka kimoja kimoja, kuanzia chini. Akaweka mikono mapajani. Akanitazama sawasawa."

"Alicheka?"

Wote walimwona Nezu akitafuta, akirudi kule nyuma kwenye joto na kutafuta tena.

"Sijui," alisema. "Mama Matsue, hapo nitakudanganya. Nilikuwa natazama vifungo."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, yule mama. Alikubali hivyo hivyo, na pengo lake. Mwishowe picha ya leseni ndiyo iliyowekwa katikati ya maua. Isogai, aliyekwisha kusikia mzaha ule wa baiskeli, aliitazama akasema kweli, huyu baiskeli ameiba, na Mama Matsue ndiye aliyeanza kucheka, machozi yakamshuka hapohapo.

Baada ya hapo Isogai alijikohoza. "Na mimi? Mimi ulinionaje?"

"Tumbo ulilivuta ndani. Ulikuwa unaanza kushindwa kulishikilia, nikabonyeza kabla halijarudi."

"Rafiki wa kweli."

Wakaomba mmoja mmoja, naye akawapa. Wakaba alitaka kujua yake, na Nezu akamwambia alikuwa ameshika kandambili moja mkononi, nyingine hakuijua iko wapi, na nyuma yake mvuke ulikuwa unapita kama mtu mrefu aliyevaa nguo nyeupe. Wakaba hakukumbuka hata kidogo. Lakini usiku huo na siku nyingi baadaye alijiona hivyo, amesimama na kandambili moja, na mtu mweupe anampita.

Setsuyo alimnunulia mumewe kadi wiki iliyofuata. Aliiingiza mwenyewe, akisema mtu huyu haaminiki. Tangu hapo picha zilikaa, baadhi nzuri, nyingi zimepinda, na Nezu alizigawa mtaani kwa bahasha. Kile kioo cha nyuma alikiacha kimegeuzwa vilevile.

Mwaka huu Wakaba yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, na jioni hukaa kaunta badala ya mama yake. Wanafunzi wenzake nao wanavaa kamera za sura hiyo, na hubishana kwenye tramu kama ni upuuzi au la. Yeye hubishana pande zote mbili. Juzi Mzee Nezu alikuja kununua tofu, mgongo umeinama sasa, ila shingo ameiinua. Alihesabu sarafu zake, akaanza kwenda, akarudi.

"Lile swali lako nimeshalifikiria."

"Swali gani, babu?"

"Kama inapiga kweli au nimeivaa tu."

Wakaba akaangua kicheko. "Babu! Nilikuwa darasa la pili!"

"Lilikuwa zito, nilikwambia." Akaifunika kamera kwa kiganja. "Nilikuwa nimeivaa tu. Ila ingekuwa na sura mbaya ningeiacha kabatini, nikawa napita hapa kila siku bila kumwona mtu."