Fundi Aliyekula Vumbi la Kompyuta

Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Kiganjo, Thika. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi bado yananitia kichefuchefu.

Nilikuwa nimenunua kompyuta kuukuu ya mezani kule Ruiru. Nachora mapambo ya fulana, na nilitaka kuweka maktaba ya msimbo, ile programu ambayo unaandika maagizo na mashine inachora yenyewe. Lakini kila nikianza kuiweka, mashine inachemka, inazima. Jioni hiyo ilikuwa imezima tena. Dada yangu Wanjiru alikuwa ameenda dukani, nami nimeshika tama.

Mlango ukabishwa. Mwanamume mwembamba, suti ya kijivu, sijawahi kumwona.

"Niaje. Nasikia mashine imekataa."

Alisikia kwa nani? Nikamwambia sina pesa ya fundi.

"Pesa ni ya nini? Nitakula tu kilicho ndani."

Nilidhani anasema githeri iliyokuwa jikoni. Kumbe! Alifungua skrubu za kasha kwa ukucha, akainamisha uso, akaanza kulamba. Niamini. Vumbi lote lile, zito kama manyoya ya panya, alilizoa kwa ulimi mrefu wa rangi ya ini. Mende waliokauka aliwatafuna kama njugu, miguu ikimbakia midomoni. Kwenye feni alichomoa unywele mrefu wa mtu nisiyemjua, akaumeza polepole, macho amefumba. Nilirudi nyuma hatua moja.

Akawasha. Maktaba ikaingia bila shida, na duara jekundu la majaribio likajichora kwenye skrini. Kisha akanigeukia, akaninusa sikio.

"Hata wewe uko na uchafu ndani," akanong'ona, na ule ulimi, baridi, wenye mate mazito, ukaingia sikioni.

Wanjiru alinikuta nimetapika sakafuni. "Ngai! Nani amekufanya hivi?" Hakuwa amepishana na mtu yeyote, na ngazi ya kupandia ghorofa za ploti yetu ni moja tu.

Mashine inafanya kazi hadi leo. Anaitumia Wanjiru, mimi siwezi kuigusa. Hulala nimeziba masikio kwa pamba, na bado kuna asubuhi naamka pamba haipo, masikio yamelowa, yananuka mende. Daktari aliyachungulia akashangaa: "Masikio masafi hivi, unayaosha na nini?"

Safisha mashine yako mwenyewe, ndugu yangu. Uchafu unaouacha ukalala, kuna anayeutamani.