Kucha Kwenye Meza ya Drafti

Asubuhi moja nilipitisha kiganja juu ya meza ya drafti, nikachomwa na kucha ya mtu.

Si ya mkono. Ya mguu. Nene, ya njano, imejikunja, na uchafu wake umeganda kwa chini.

Nusura niirudishe chai yote.

Mimi ndiye mtunza bustani ya mtaa wetu. Bembea, mashine za mazoezi, uwanja wa kikapu, vyote nasafisha mimi. Nimeokota mengi, hadi nepi iliyojaa juu ya bembea. Lakini kucha kwenye meza ambayo watu wanacheza huku wanatafuna karanga? Hapana jamani, hiyo imepitiliza.

Wiki tatu baadaye nikakuta nyingine. Kumi kamili.

Nikapeleka hasira zangu hadi kwa msimamizi wa bustani. Tukakubaliana kwamba atakayekamatwa hakanyagi bustani mwaka mzima. Nikabandika tangazo, nikawasomea wacheza drafti wote.

Baba yangu alikuwepo. Tangu aumie nyonga akahamia kwangu, drafti ndiyo inayomtoa kitandani. Wenzake wanamwita Kingi, maana kumfunga ni kazi. Alitikisa kichwa, akasema, "Huyo mtu hana malezi."

Basi nikaanza kuvizia. Mchana mmoja, wachezaji wamekwenda kula, nikajibanza nyuma ya choo cha bustani. Nikasikia: ta. Ta. Ta.

Nikachomoka na fagio. "Leo umepatikana."

Mguu ulikuwa juu ya meza. Mwenye mguu alikuwa Kingi. Baba yangu mzazi.

Hakukimbia, angekimbia vipi na fimbo yake ya kutembelea. Alitia kikata kucha mfukoni, akasema taratibu, "Mwanangu, siwezi kuinama. Meza hii ndiyo inanifaa."

"Si ungekatia nyumbani, baba?"

"Ulinikataza."

Hapo nikakumbuka. Mwezi ule aliohamia, aliweka mguu juu ya stuli sebuleni akaanza kukata. Nikamwambia, mbele ya wajukuu zake, kwamba ananitia kinyaa. Nilisema neno hilo nikapita zangu. Yeye akabaki nalo.

Nilijichukia kuliko nilivyozichukia zile kucha.

Nikaenda kwa msimamizi, nikamwambia kucha zimetoka nyumbani kwangu, na kama ni kufungiwa, nifungiwe mimi. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akanikabidhi brashi na sabuni, iwe ndiyo adhabu yangu. Niliisugua ile meza mbele ya wachezaji wote, na sikusema zile kucha zilikuwa za nani. Kingi alikuwa anapanga kete zake, kichwa chini.

Siku hizi namkata kucha mimi mwenyewe, sebuleni, baada ya kumlowekea miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Kinyaa hakijaisha, sitawadanganya. Nabana pumzi, nakata.

Wewe unayesoma, kama unaishi na mzee, leo mwangalie miguu. Mimi ya baba yangu niliiona kwanza kwenye meza ya watu.