Raba za Muhindo

Mtu mzima kujifunza kukimbia, tena mwenye duka, tena mwenye tumbo kama lile la Muhindo, si jambo la kutangaza. Ndiyo maana alimficha hata mkewe. Aliamka alfajiri, akavaa raba za kijana wake zilizombana vidole, akatoka kwa mlango wa nyuma na kuifuata barabara ya kijiji chao, Burungu.

Sababu yake ilikuwa moja, na ilimuuma. Mwaka uliotangulia, vita vilipofika kijijini, Muhindo aliishiwa pumzi kabla hata ya kuyafikia malisho ya chini ya kilima, akakaa chini. Kahambu, mkewe, angeweza kwenda zake na wenzake. Badala yake alirudi, akamshika mkono, akamvuta kilima kizima huku risasi zikilia nyuma yao. Walipona, lakini tangu siku ile Muhindo hakuweza kumtazama mkewe usoni bila kuona aibu. Akaapa kwamba safari nyingine hatamchelewesha.

Basi akakimbia. Kukimbia gani! Alitweta, akashika mbavu, akasimama, akaanza tena. Alipolikaribia zizi la Hakorimana, alikuwa ameanza hata kujisifu kimoyomoyo.

Hakorimana alikuwa anakamua. Akainua kichwa, akamwona mwenye duka anakuja mbio, jasho linamtiririka, macho yamemtoka. Hakuuliza. Burungu miaka ile hakuna aliyeuliza: kila nyumba ilikuwa na furushi lililofungwa tayari nyuma ya mlango, na ukimwona mwenzako anakimbia, unabeba lako na kukimbia pia. Muhindo aliijua desturi hiyo vizuri sana. Ila yeye alikuwa kwenye mazoezi, na mtu wa mazoezi hajioni.

Ndoo ya maziwa ikamwagika. "Bamefika!" Hakorimana akapiga ukelele, na kijiji kizima kikatoka.

"Hapana! Murudi! Niko nafanya spoti tu!" Muhindo akawakimbilia ili awazuie, na kadiri alivyowakimbilia ndivyo walivyozidi kukaza mwendo. Mama Epiphanie, aliyejifungua juzi tu, alikuwa anapanda kilima akichechemea, kichanga kifuani. Muhindo alipomwona huyo, alitamani ardhi ipasuke immeze.

Akageuka, akaenda nyumbani kumtuliza mkewe kwanza. Njia nzima milango ilikuwa wazi na nyumba tupu. Mlangoni kwake alimkuta Kahambu amekaa peke yake, furushi magotini.

"Batoto biko wapi?"

"Nilibatuma mbele na majirani."

"Na weye? Juu ya nini haukuenda?"

Kahambu akamtazama kama mtu aliyeulizwa upuuzi. "Nilikuwa nakungoya, papa. Nilikutafuta nyumba yote. Nani angekuvuta?"

Kisha macho yake yakashuka hadi kwenye raba.

Muhindo naye akaziangalia. Alianza mbio ili mkewe asife kwa kumngoja, na leo, kama vita vingekuwa vya kweli, angekufa vivyo hivyo, amekaa pale mlangoni, mume yuko barabarani na viatu vya mtoto.

Akazivua raba, akaziweka miguuni pa Kahambu. Halafu akashika njia ya kilimani peku, polepole, ili watu wamwone kwamba anatembea, akaenda kuwaomba msamaha mmoja mmoja, akianza na Mama Epiphanie.