Walivyofuta sheng ya khotsa kwenye eulogy yake

Wakuu, salamu kutoka Shirere, Kakamega. Hii si hekaya. Nilikuwepo mwenyewe, na bado nina hasira.

Majuzi tulimzika khotsa, yaani mjomba wangu, ndugu ya mama. Alikuwa broka wa ng'ombe soko la Lubao.

Kwa vile mimi huandika hadithi fupi, auntie, mke wake, aliniomba niandike eulogy, ule wasifu wa kusomwa mazishini. Alitaka kitu kimoja tu: watu wamsikie mzee wake mara ya mwisho.

Sasa, khotsa aliongea sheng ya zamani, ile vijana wa leo wanaicheka.

Chukua neno mdosi. Alipokuwa turnboy, yaani utingo, wa lori la miwa, mdosi alikuwa tajiri wake, mtu wa kuogopwa. Alipoingia Lubao, mdosi akawa fahali mnono asiyepunguzwa bei. Uzeeni, mdosi akawa auntie. "Mdosi amesema nirudi mapema," na anaondoka kweli.

Mwandishi gani anaacha kitu kama hicho kipite?

Tena akisikia kijana wa boda akimwita mwenzake buda, jina ambalo enzi zake lilikuwa la baba mtu, anauliza, "Kwani huyu amezaa nani?" Hapo nina hadithi mbili na sijainuka kwenye kiti.

Nikaandika yote hayo.

Kisha akatua kifungua mimba wa khotsa kutoka Nairobi, bwana wa tai shingoni, mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Alisoma nusu ukurasa, akakunja pua.

"Hii ni lugha ya makanga wa matatu. Bishop anakuja. Weka English ya heshima."

Heshima! Mtu aliyesomeshwa na ng'ombe wa huyo huyo makanga.

Akafuta kila kitu, akashusha template ya mtandaoni. God-fearing, visionary, pillar of the community. Wakuu, hiyo eulogy ungeweza kuisomea hata tenki ya maji. Nilibisha mpaka nikaambiwa mimi ni mtoto wa dada tu, ninyamaze.

Siku yenyewe akaisoma kwa madaha. Mabroka wa Lubao wakawa wanaangalia simu. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyelia.

Auntie akapewa maiki ashukuru watu. Akamgeukia mwanawe.

"Asante, baba, umesoma vizuri. Lakini huyo mimi simjui. Wangu alikuwa anachekeshanga watu. Sasa wangu mnazika lini?"

Akarudi kuketi. Bishop akaanzisha wimbo haraka haraka.

Funzo ni kwenu mnaojiita waandishi na mnaogopa neno la zamani kana kwamba litawachafua. Mtu akishaenda, hayo maneno ndiyo sauti yake iliyobaki. Mkiyafuta mnazika nani?

Mimi nimeanza kumwandika khotsa upya, na wadosi wake wote watatu. Kamati sitaiuliza.

Haya, semeni: mzee wako alikuwa na neno gani ambalo leo watoto wanalitumia vingine?

Na wewe unayekuja kunisahihishia lugha, tangulia kwa auntie kwanza.