Bandu Bandu Huisha Riwaya

Vidole vya Mama Gundi vina ngozi ya pili ya gundi juu ya ngozi, na hakuna sabuni inayoitoa. Kwa miaka ishirini na mbili ameshona vitabu vilivyochanika katika chumba cha nyuma cha maktaba, chumba chenye meza moja na dirisha moja linalotazama barabara. Ana maoni juu ya kila kitu, na juu ya riwaya nene maoni yake hayana mjadala: hivyo ndivyo vitabu hasa, vingine ni vionjo tu.

Kwa hiyo mkuu mpya wa maktaba alipotangaza kwamba riwaya nene zitakazokutwa kwenye rafu siku ya mwisho ya likizo ya kiangazi zitapelekwa kusagwa, alikuwa amechokoza nyuki. Zilikuwa kumi na nne. Baadhi hazikuwa zimeazimwa kwa miaka sita.

"Watu wa siku hizi hawana subira ya kurasa mia tisa," mkuu alisema.

"Subira wanayo. Mikono ndiyo inayochoka," Mama Gundi akajibu.

Hakuwa anabahatisha. Alishika kisu, akaifumua riwaya nene kuliko zote, hadithi ya mjane mmoja na kinu chake cha kusaga, akaigawa mafungu manne ili kila fungu liwe kitabu chembamba chenye jalada lake. Bandu bandu huisha gogo. Fungu la kwanza akampelekea mdogo wa mumewe, kinyozi mwenye kibanda ng'ambo ya barabara.

"Mimi na kitabu wapi na wapi, shemeji?"

"Wasomee wateja wako. Wanakaa hapa kutwa wanatazama ukuta."

Kinyozi akawa anasoma kwa sauti kati ya kichwa na kichwa. Wiki ya kwanza watu walisikiliza kwa adabu. Wiki ya pili walikuja hata wenye vipara, wakakaa. Mama Gundi aliwaona kutoka dirishani, akajisemea kwamba alijua tangu mwanzo, jambo ambalo hujisemea mara nyingi.

Sasa, kitabu ukikifumua unapata mabunda ya kurasa kumi na sita kumi na sita, na kazi yote ni kuyapanga kwa mfuatano kabla ya kutia sindano. Mama Gundi huyapanga bila kutazama namba, mikono inajua. Safari hii mikono ilikosea. Alipokaa kuandaa fungu la nne, bunda la mwisho halikuwepo. Alikuwa amelishona mwishoni mwa fungu la pili, ambalo kinyozi alilimaliza jana yake. Kibanda kizima kilikuwa kimeshamzika mjane, na hadithi ndiyo kwanza imefika nusu.

Aliogopa, na tuseme ukweli, hakuzoea kuogopa. Nani atafuata kurasa mia nne na ushee za mtu aliyekwisha kufa? Hii ikitupwa, zile kumi na tatu nani atazigusa? Akavuka barabara, na hata hakuketi.

"Shemeji, nimeharibu. Mwisho nimekushonea katikati."

"Tumeuona," kinyozi alisema, mashine mkononi. "Jana tumemaliza. Halafu fundi bomba huyu hapa akasema haiwezekani. Juzi tumemwacha ana kinu, ana watoto watatu, anacheka. Kafikaje kwenye kile chumba alichofia peke yake? Tumebishana mpaka nimechelewa kufunga. Fungu la tatu liko wapi?"

"Si mnajua anakufa?"

"Ndiyo maana. Tukikumbuka alivyokuwa anacheka, roho inatuuma."

Mama Gundi akaketi kwenye kiti cha kunyolea. Kesho yake fungu la tatu lilikuwa kibandani kabla mlango haujafunguliwa.

Siku ya mwisho ya likizo mkuu alikuja na boksi. Riwaya kumi na mbili nyingine zilikuwa zimefumuliwa na kutawanyika mitaani, fungu kwa fungu, na fundi bomba peke yake alikuwa ameanza ya tatu. Kwenye rafu ilibaki moja. Mkuu akaipima uzito kwa mkono, akafungua ukurasa wa kwanza, kisha wa pili, na boksi akaliweka chini.

"Hiyo nimekuwekea wewe," Mama Gundi alisema, akachukua kisu. "Nikukatie mafungu mangapi?"