Begi Jekundu Nililokwenda Nalo Kitulo

Nilikwenda hifadhi ya Kitulo kwa sababu ya mdomo wangu. Ofisini kwetu Njombe nilikuwa nimejisifu mno kwamba nayajua mambo ya kutembea milimani na kulala kwenye hema, hadi mwenzangu Edina akaniambia, "Basi twende kwetu Makete. Mama anazijua njia za kule, atatutembeza."

Alhamisi nilikuwa Makambako kikazi, nikapitia sokoni. Muuza mitumba alinionyesha begi la kijani lililopauka, kitambaa kizito, mikanda mipana iliyoshonwa mara mbili. "Hili utalichoka wewe, lenyewe halichoki," akasema. Mimi macho yalikuwa duka la pili, kwenye begi jekundu jipya, linang'aa, mifuko kila upande. Sikuvuta mkanda. Sikuligeuza ndani kutazama mshono. Niliwaza picha nitakazopiga nalo tu, nikalinunua.

Ijumaa jioni tuliingia Iwawa, mji wa Makete, baridi imeshashuka. Mama yake Edina, mkulima wa viazi, mjane aliyepita miaka sitini, alitupokea mlangoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kamwene!" akanisalimu kwa lugha ya kwao. "Sogea kwenye moto."

Alilishika begi langu, akapitisha kidole kwenye mkanda, akaniangalia. "Uzi wake mwembamba." Nikacheka. Nikamweleza kuwa mabegi ya kisasa ndivyo yalivyo.

Jumamosi asubuhi tulishuka kwenye gari ukingoni mwa Kitulo, tukaanza kutembea katikati ya maua ya njano na meupe, ukungu ukija na kuondoka. Saa tano hivi mkanda wa kulia ulichomoka wote. Nikalibeba kwa bega moja. Kilima kilichofuata, zipu ikaachia, sufuria na blanketi vikamwagika kwenye majani yenye maji.

Mama alifungua kitenge chake, akafunga hema, blanketi na sufuria yangu, akajifunga mgongoni kama mtu anayebeba mtoto. Edina tayari alikuwa na mzigo wake. Nilisema, "Mama, acha, nitabeba." Nilisema mara moja tu, tena kwa sauti ndogo, kwa sababu nilikuwa nimechoka na bega linaniuma.

Mchana tulikutana na vijana watatu kutoka Mbeya, wamevaa vizuri. Mmoja alimtazama Mama, kisha akanitazama mimi niliyebeba chupa ya maji na begi tupu. "Vipi, kaka, bibi ndiye anabeba?"

Nikajibu, "Huyo ni mpagazi wetu."

Mama alisikia. Alipandisha mzigo kidogo, akaendelea kutembea. Edina hakunisemesha tena siku ile.

Jumapili, tuliporudi Iwawa, nilimfuata Mama jikoni akimenya viazi. Nilipiga magoti. "Mama, jana nilisema uongo juu yako. Nisamehe."

"Nimesikia," akasema, akaendelea kumenya.

Njia nzima hadi Njombe Edina alitazama dirishani. Aliposhuka mtaa wa Ramadhani alisema tu, "Mama anataka umpigie ukifika."

Sasa najua kuchagua begi: vuta mikanda kwa nguvu zote, geuza ndani usome mshono, lijaze vitu dukani utembee nalo, rangi iwe ya mwisho. Hayo ningeweza kujifunza bila kumdhalilisha mtu.

Nilipiga simu nikiwa nimesimama mlangoni kwangu, nikisubiri kugombezwa.

"Umefika salama, mwanangu?" akauliza. "Na lile bega lililobeba begi kwa mkanda mmoja, bado linauma?"