Jiwe Laini Katika Banda la Nguruwe

Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya nguruwe yaliyochacha, naziba pua na kuondoka. Si kwamba nina mwiko wa nguruwe; kwetu Ufipa nguruwe ni kitoweo kama vitoweo vingine. Ni kwa sababu ya uchafu tulioupika mimi na mjomba nyuma ya nyumba yake, upande wa Mwazye, enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa na kila mtu akawa mfanyabiashara, hata asiye na cha kuuza.

Mjomba hakuwa na cha kuuza. Alikuwa na kilima chenye jiwe la kijivu, laini, ukilipapasa linateleza mkononi kama sabuni. Babu, yaani baba yake, alilichonga kwa kisu tu. Alikuwa wa ukoo wa wahunzi, na alisema wazee walioyeyusha chuma walilipenda jiwe hilo kwa kuwa halipasuki motoni, na likishapata joto haliliachi upesi. Walilichonga vyungu vidogo vya dawa na vichwa vya viko. Babu alipofariki, bibi alibaki na kiko kimoja alichochongewa mwaka walipooana. Alikivuta kila alipomaliza kupepeta ulezi, na kidole gumba chake kilikuwa kimelila jiwe upande mmoja hadi pakawa na kishimo.

Akatokea mnunuzi mwenye pikapu, akipitia Laela, anatafuta vitu vya kale. Vipya hakuvitaka hata bure. Mjomba akaazima kiko cha bibi, siku mbili tu, akanipa nichonge vya kufanana nacho.

Nilikuwa kijana mwenye mkono mwepesi, na nilipenda kusifiwa. Nilichonga vinne. Hata kile kishimo cha kidole nilikisugua kwa msasa mpaka kikakaa sawasawa, nikajiona fundi. Kisha tukavichemsha kwenye debe la mafuta machafu ya nguruwe, tukavipaka masizi, tukavifukia kwenye kinyesi bandani. Kila juma tulivifukua kuvitazama. Funza walinitambaa viganjani, na harufu ile ilinifuata hadi kwenye ugali.

"Mwenzetu anataka uchafu, mjomba," aliniambia huku akicheka. "Sisi tumpe uchafu."

Alinichefua. Kesho yake nilirudi.

Kilichonichefua zaidi nilikiona kwa macho yangu: alikizika na kile cha bibi pamoja na vingine, eti vyote vitoke rangi moja, mnunuzi asishtuke. Mtu anachukua kiko cha mama yake mzazi anakitumbukiza kwenye mavi ya nguruwe! Nilipaswa kukitoa. Nilisimama na jembe mkononi, nikafukia.

Mnunuzi alikuja siku niliyokuwa Sumbawanga mjini. Alichagua vitatu, mjomba akampa bila kuvitazama. Niliporudi nilikuta bibi amekuja mwenyewe, kwa miguu, kudai mali yake. Mjomba akaosha viwili vilivyobaki, akavileta kwenye ndoo.

Nilivitambua papo hapo. Kimoja kilikuwa na mkwaruzo mahali kisu kiliponiteleza; kingine nilikiziba ufa kwa nta ya mshumaa. Vyote vilikuwa vyangu. Cha babu kilikuwa kimeshapanda pikapu.

Bibi akakinusa cha kwanza. Akakiramba. Akatema mate, akafuta ulimi kwa upindo wa khanga, akachukua cha pili akakiramba nacho. Kidole chake kikatafuta, kikaingia kwenye kishimo nilichokisugua kwa msasa.

"Mmekinukisha, watoto wabaya nyie," akasema. "Lakini ni chenyewe. Si ndicho, mjukuu wangu? Macho yangu siku hizi hayaoni."

Mjomba alitazama kilimani. Aliyeulizwa nilikuwa mimi.

"Ndicho, bibi."

Akaomba moto. Nikaenda jikoni, nikamletea kaa, nikaliweka juu ya tumbaku kwa mkono wangu. Alipovuta, mafuta yaliyokuwa yamenywewa na jiwe yakaanza kuungua. Akakohoa, akakunja uso, akaendelea kuvuta.

Alikivuta hadi alipofariki. Wageni walipofika aliwaonyesha, akawaambia waone mkono wa mume wake ulivyokuwa mzuri, na kila aliposema hivyo mjomba alinikonyeza.